Meza ya ruta ya nyumbani: sentimita ngapi zinatosha?

Kabla hujaenda kununua shiti ya MDF (ile mbao ya unga wa mbao uliogandishwa) ya kujengea meza ya ruta, mashine inayozungusha biti, yani kisu chake, kuchonga kingo na mifereji ya mbao, chukua tepu upime vitu viwili. Cha kwanza mlango wa hicho chumba unachoita karakana, cha pili ubao mrefu kuliko wote ambao huwa unaupiga ruta mwenyewe bila mtu wa kukushikia upande wa pili. Namba hizo mbili zinakupa saizi ya meza karibu yote, mengine ni marekebisho tu.

Nasema hivi kwasababu swali la saizi naulizwa karibu kila nikiposti picha ya meza yangu, na wengi wanaouliza ni watu wa hapa hapa Arusha na wa Moshi wenye kazi zao zingine, walimu, madereva wa utalii, watu wa ofisini, wana kibanda cha bati uani au stoo nyuma ya nyumba huko Njiro, Sakina, Ngaramtoni, Jumamosi ikifika ndo wanakuwa mafundi seremala. Wote wameshaangalia video za Wamarekani wenye gereji ya magari mawili, meza ina droo kila upande na lifti ya ruta ya kuzungusha kwa mpini juu, alafu wananiuliza "kaka nijenge ile?" Jibu langu huwa ni hapana, ila sababu sio hela peke yake.

Anza kwanza na hao hao Wamarekani. Saizi iliyozoeleka kule kwa meza kamili ya kusimama ni inchi 24 kwa 32, yani kama sentimita 61 kwa 81, ile Kreg PRS1045 kwa mfano ni hiyo hiyo. Zile ndogo za kuweka juu ya benchi kama Bosch RA1181 ni inchi 27 kwa 18, hapo unaongelea kama 69 kwa 46. Yani watu wenye nafasi ya kumwaga, wenye uwezo wa kujenga meza kubwa kama ya kulia chakula, bado wameishia kwenye sentimita 80 na kidogo. Kuna hesabu nyuma yake, na ukishaielewa hutamuuliza mtu tena saizi.

Hesabu yenyewe ni hii. Ruta ikiwa mezani imefungwa kichwa chini, biti imechomoza juu, na unasukuma ubao kutoka kulia kwenda kushoto, hilo halina mjadala, ukisukuma kwa upande mwingine biti inaunyakua ubao na vidole vinaufuata. Sasa piga picha unaanza, ncha ya ubao imefika kwenye biti, sehemu nyingine yote ya ubao bado iko kulia kwako. Kama meza yako ni ya 80 na biti iko katikati, kulia kwa biti una meza ya sentimita 40. Ubao wa 80 katikati yake ni 40, kwa hiyo uzito wake unaishia pale pale ukingoni, unakaa wenyewe bila kuinama. Leta ubao wa mita moja na nusu, katikati yake iko 75 kutoka kwenye biti, hiyo ni sentimita 35 nje ya meza, inaning'inia hewani, na hapo anayebeba ni mkono wako wa kulia. Mkono unaobeba ubao hauwezi kuugandamiza ubao huo huo chini, utafanya kimoja tu. Ukifika mwisho mambo yanageuka, sasa uzito uko kushoto, ncha ya mbele inashuka, mkia unanyanyuka.

Kwa hiyo kanuni ninayotumia mimi ni fupi: meza yenye biti katikati inabeba yenyewe ubao wenye urefu sawa na meza. Ya 60 inabeba wa 60. Ya 120 inabeba wa 120. Zaidi ya hapo unahitaji stendi au mtu.

Na usidhani ubao ukinyanyuka kidogo ni kasoro ya macho tu. Chukua ubao wa mninga wa inchi 2 kwa 1, simamisha kwa ubavu, unachimba mfereji wa kuingizia paneli kwa biti iliyonyooka ya milimita 6, kina umeweka milimita 10. Ubao ni mrefu kuliko meza. Sentimita chache za mwanzo ulikuwa umenyanyuka, za mwisho umenyanyuka tena. Ukija kupima kwa kalipa katikati ni 10 safi, pembeni unakuta 8, kwingine 7. Kwa macho huoni kitu kabisa. Unakuja kuunganisha, unapaka gundi, unabana klampu, paneli inagota kwenye kona, fremu inagoma kufunga, gundi inaanza kukauka mkononi na we unaanza kumtafuta mchawi. Dawa ni kurudia kupitisha mara ya pili ukigandamiza sehemu za mwisho kabla ya kupaka gundi chochote, ila dawa nzuri zaidi ni meza inayotosha ubao wako.

Sasa tuangalie mtu wa nyumbani anapitisha mbao gani kwa kweli. Milango ya kabati za jikoni, zile mbao za kusimama ni kama 70 hivi, za kulala 30 mpaka 50. Ubavu wa droo 45, 50. Fremu za picha na vioo mara chache zinazidi 80. Vibao vya kukatia nyama, trei, vibao vya majina ya nyumba na lodge, vyote vifupi. Hizo zote meza ya sentimita 80 inazimeza bila wasiwasi. Zinazozidi ni chache na zinajulikana, mbao za ubavu za kitanda cha tano kwa sita, hizo ni futi sita na zaidi yani sentimita 180 na kitu, pamoja na mbao za kusimama za mlango wa chumba ambazo zinagonga mita mbili na ushee. Mtu anaposema najenga meza ya mita mbili kwasababu kuna siku nitatengeneza mlango, anajibana kila siku kwenye chumba chake kwa ajili ya kazi ambayo ataifanya mara moja moja sana.

Kwa hizo ndefu nina njia tatu na meza kubwa haimo. Ya kwanza stendi, mpe fundi wa kuchomelea vipande vya skwea paipu na nondo, juu aweke kipande cha bomba la plastiki kinachozunguka kwenye nondo, zitengenezwe mbili, moja kulia moja kushoto, ziwe na bolti ya kupandisha na kushusha ili zilingane na meza, tena ya kushoto iwe chini ya meza kwa unywele tu la sivyo ncha ya ubao itagonga bomba. Ya pili, ubao mzito usiulete kwenye ruta, ipeleke ruta kwenye ubao, bana ubao kwenye benchi alafu shika ruta kwa mkono ukatembee nayo, kazi ya ukingo wa kitanda inatoka vizuri tu hivo. Ya tatu, peleka mashineni, kwa mafundi wenye mashine kubwa za mbao. Kama una milango minne ya mninga ya kupiga urembo, wenye spindo, ile mashine kubwa ya kupiga urembo, watakumalizia kabla ya chai ya saa nne na ruta yako itakuwa haijachoka.

Upana ndo unaosahaulika

Kila mtu anaongelea urefu, ila kwenye meza ya ruta kinachokuumiza mara nyingi ni upana, na sio upana wote, ni ile nafasi kati ya biti na tumbo lako.

Hesabu ni ile ile ya kitovu cha uzito. Mlango wa kabati wa sentimita 50 umeulaza, ukingo mmoja unagusa fensi (ule ubao uliosimama kwenye biti wa kuegemezea kazi), ukiwa na meza ya 25 tu mbele ya fensi basi nusu iko juu ya meza nusu iko nje, unayumba. Ukiwa na 35 umetulia, hata wa 60 unakaa vizuri. Kwa hiyo mimi meza ya upana wa 60 siweki biti katikati, naweka biti 35 kutoka ukingo wa mbele na 25 kutoka nyuma. Hiyo 25 ya nyuma inatosha kubeba fensi pamoja na mdomo wa kunyonya vumbi.

Na kuna faida nyingine watu hawaioni mpaka waonyeshwe. Meza ya hivi ukiizunguka ukasimama upande wa nyuma, ukaigeuza fensi, una meza nyingine ya 25, ambayo kwa vipande vidogo ni nzuri zaidi maana huinami kuifikia biti, unafanya kazi karibu na mwili, macho yanaona. Paneli kubwa unafanyia upande mpana, vitu vidogo upande mwembamba. Ila hii inataka meza iwe haijagandishwa ukutani.

Sehemu ambayo hata upana wa 60 unashindwa ni mfereji wa kati kati ya ubao, mfano unataka kuchimba sehemu ya kukalia shelfu sentimita 40 kutoka ukingoni. Usijaribu kurudisha fensi nyuma mpaka ianguke, hiyo ni kazi ya ruta ya mkononi na ubao ulionyooka wa kuegemea. Meza ni kwa ajili ya kingo.

Alafu acha ukingo. Juu ya meza pazidi miguu au boksi la chini kwa sentimita 5 mpaka 7 mbele na pembeni. Meza nyingi za chuma nilizoona mtaani fundi amechomelea fremu ya angle iron mpaka ukingoni kabisa, inapendeza, sasa unataka kubana kitana cha mbao cha kugandamiza ubao, klampu inashika wapi? Chini kuna chuma kimesimama, haiingii.

Kuhusu fensi yenyewe sitasema sana. Watu wanaumiza kichwa eti fensi iwe sambamba na ukingo wa meza kama kwenye msumeno wa meza, haina haja, biti ni duara, haijui fensi imeelekea wapi. Inachotakiwa ni kunyooka na kusimama kwa guni, nyuzi 90 na meza. Unaweza kuifunga bolti upande mmoja na upande wa pili ukabana klampu, kurekebisha unasogeza upande wa klampu tu na unapata nusu milimita kirahisi. Urefu wake ulingane na meza au uzidi kidogo, 80 mpaka 90, uso wake uende juu sentimita 10. Ule mfereji wa juu ya meza wa kuteleza geji (kishikio cha kusukumia ubao kwa pembe), mi siuweki. Ukiuweka ndo unajitafutia kazi ya kuhakikisha fensi iko sambamba nao, na pia umechimba juu ya meza yako ukaidhoofisha. Kupitisha ncha za mbao fupi chukua kipande cha ubao cha mraba chenye kona nzuri, kiegemeze kwenye fensi, sukuma nacho ubao wako. Kinazuia pia nyuzi za mbao zisimeguke ukitoka.

Unene, uzito na kunyooka

Ruta ya inchi nusu, yani inayoshika biti yenye shina la inchi nusu, sio kitu chepesi, ukijumlisha na pleti (bamba linaloishikilia ruta kwenye shimo la meza) na lifti kama unayo, una kilo kadhaa zinaning'inia katikati ya shimo siku zote. MDF moja ya milimita 18 itapinda, sio leo, ila itapinda. Gundisha mbili zifike 36. Kipande cha 60 kwa 80 cha unene huo kina kilo kama 13, na huo uzito ni faida kwako maana meza haitembei.

Rafiki yangu mmoja aliyesoma FITI, kile Chuo cha Viwanda vya Misitu pale Moshi, huwa anapima meza ya mtu kabla hata hajasalimia vizuri. Anaweka rula ndefu ya chuma ikatishe juu ya pleti, anachana karatasi ya risiti, anajaribu kuipenyeza chini ya rula. Ikiingia katikati na pembeni haiingii, meza imebonyea, ikiingia pembeni na katikati imebana, pleti imetuna. Ya kutuna kidogo sana unaweza kuishi nayo, ya kubonyea hapana, kwasababu ubao unavuka shimo kama daraja na biti inakata kina tofauti kila sehemu. Fanya hicho kipimo kila baada ya miezi michache. Na ruta ukiwa huitumii muda mrefu itoe, iweke chini, hata meza nzuri inachoka.

Formaika bandika juu NA chini. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwasababu ya jamaa mmoja wa Pasua, Moshi, alibandika juu tu akaona chini nani ataona, masika ikaja, upande wa chini ukanyonya unyevu, wa juu haunyonyi, meza ikakunjamana ikawa na tumbo. Zile kingo zilizokatwa za MDF ndo zinakunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote, zizibe kwa ukingo wa mbao au hata gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo alafu vanishi. Wa Arusha msijione, ule ukungu wa Juni na Julai nao sio rafiki.

Kama una hofu na gharama, kuna kitu mafundi wa makabati wanakitupa, ile sehemu ya kaunta inayokatwa kuweka sinki. Kaunta za jikoni za chipboard zina formaika tayari juu, nene, na kile kipande kinachotoka kinaweza kukupa meza nzima ya kuweka juu ya benchi. Zunguka uulize, wengi wanakupa bure au kwa soda. Kikague chini kama kimezibwa, kama hakijazibwa ziba wewe.

Sasa pleti. Saizi inayouzwa sana ni inchi 9¼ kwa 11¾, yani milimita 235 kwa 298, za alumini unene milimita 9.5. Nunua pleti na ruta kwanza, viwe mkononi, ndo ukate shimo. Usikate shimo kwa namba ya mtandaoni, hata hii ya kwangu, maana zipo zinazodai saizi hiyo na zinapishana milimita moja mbili, na milimita moja kwenye shimo la pleti ni balaa. Iwe na pete za kubadilisha za kupunguza tundu, tundu dogo kwa biti ndogo, ubao mdogo usije ukatumbukia.

Ruta gani inaingia kwenye hesabu ya meza maana inaamua shimo na boksi la chini. Huku kwetu inayoonekana sana ni Makita 3612 na ndugu zake wa kuigiza wa rangi ile ile. Ni mashine ngumu, inabeba biti ya shina la inchi nusu, ila ile ya kawaida ina spidi moja tu, kama mizunguko 22,000 kwa dakika. Spidi hiyo ni sawa kwa biti zisizozidi kipenyo cha milimita 25. Biti ya milimita 50 inataka ushuke kwenye 18,000, na zile kubwa za kuchonga urembo wa paneli, za milimita 80 na 90, zinataka 12,000 au chini ya hapo. Kwa hiyo kama ruta yako haina kidude cha kupunguza spidi, usinunue hizo biti kubwa, usikate na shimo kubwa kwa ajili yake. Ncha ya biti ya 90 kwenye 22,000 inatembea zaidi ya mita 100 kwa sekunde, sitaki kuwa chumba kimoja nayo. Paneli za urembo mkubwa, mashineni.

Na kama umeletewa ruta na ndugu kutoka Marekani angalia kibati, ikiwa imeandikwa 120V usichomeke kwenye ukuta wetu wa 230, itaungua hapo hapo. Inataka transfoma inayobeba wati zake zote, na transfoma nayo inataka pa kukaa chini ya meza.

Kimo na kilicho chini

Kimo sentimita 90 mimi kinanifaa na ni mtu wa urefu wa kawaida. Simama wima, achia mikono, benchi la kazi watu wanaweka usawa wa kifundo cha mkono, meza ya ruta iongeze sentimita 5 mpaka 8 juu ya hapo kwasababu unaangalia kitu kidogo kwa karibu, ukiinama masaa mawili mgongo unakudai. Kuna kisa kimoja tu cha kuacha hiyo 90, kama una msumeno wa meza basi lingana nao, ili meza moja isaidie nyingine kubeba mbao ndefu. Mwenye chumba kidogo sana hata asijenge meza ya peke yake, aweke pleti kwenye bawa la msumeno, anapata meza kubwa bila kuongeza hata hatua moja ya nafasi.

Ruta ikigeuzwa kichwa chini inakula kama sentimita 30. Wengi wetu tunapandisha na kushusha kwa jeki ndogo ya gari, ile ya mkasi, inafanya kazi vizuri kushinda unavyodhani ila inataka sentimita zake kumi na kitu chini ya ruta. Boksi la ndani lisiwe fupi ya 50. Lifunge pande zote uache tundu la bomba la vumbi, na fensi nayo iwe na lake. Vumbi la mkongo na mninga ukilivuta pua inakuambia siku hiyo hiyo, lakini hata lisipokuwasha sio la kuchezea, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, waliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995. Barakoa vaa hata kama una mashine ya kunyonya.

Ukishakubali 60 kwa 80 shiti inakatika vizuri sana, hii ndo sababu nyingine naipenda saizi hii. Shiti ni sentimita 244 kwa 122, kilo kama 40 kwa ya milimita 18, usiibebe kwenye bodaboda. Kwenye ile 244 unapata vipande vinne vya 60, zinabaki sentimita 4 za kuliwa na msumeno. Kwenye 122 unatoa 80 inabaki 42. Kwa hiyo una vipande vinne vya 60 kwa 80 na utepe mmoja mrefu. Viwili unagundisha ndo juu ya meza. Viwili vingine ndo ubavu wa boksi, visimamishe kwa urefu wa 80, upana upunguze mpaka 50 upate ule ukingo wa klampu. Themanini, jumlisha 3.6 za juu, jumlisha magurudumu ya kama 7, umepata tisini na ushee. Utepe unatoa fensi, rafu ya chini na ubao wa nyuma wa kukaza. Shiti moja, meza karibu nzima, na upana wa 60 unapita kwenye mlango wowote wa kawaida. Chalii mmoja wa Sakina alijenga 120 kwa 75 ndani ya stoo, tena nzuri kweli, miguu ya mbao ya loliondo, siku anahama nyumba ya kupanga ikabidi aikate miguu kwa msumeno ili itoke.

Swichi weka mbele, upande wa paja la kushoto au kulia, sio nyuma na sio ile ya kwenye ruta kwamba uingize mkono chini ya meza kutafuta. Na iwe ile ya vitufe viwili, kijani na chekundu, ambayo umeme ukikatika inajizima yenyewe na ukirudi haiwaki mpaka uibonyeze. Kwa ruta iliyofungwa swichi yake kwenye ON hii sio anasa. Umeme umekatika, umeondoka kwenda kunywa chai, mtoto ameingia kuangalia, umeme umerudi, malizia mwenyewe. Plagi zetu za pini tatu ni ampia 13, yani kama wati 2,990, ruta ya 1,650 na mashine ya vumbi ya 1,400 ukizichomeka kwenye ekstensheni moja tayari umepita, zitenge.

Nani asichukue 60 kwa 80

Mtu wa vitu vidogo tupu. Kama unatengeneza fremu za picha, vibao vya kukatia, boksi za zawadi za kuuzia watalii, na ruta yako ni trima ndogo ya inchi robo, basi 45 kwa 60 ya kuweka juu ya benchi inakutosha kabisa, usiku unaining'iniza ukutani. Ibane na klampu mbili kwenye benchi maana ni nyepesi inateleza. Ila usije ukaifunga ruta ya inchi nusu kwenye meza hiyo, uzito wote unakuwa juu na mbao ikikwama meza inakufuata wewe.

Mwingine ni mwenye nafasi na msaidizi wa kudumu, anayepiga makabati kila wiki kwa oda. Huyo aende 70 kwa 110, nafasi ya mbele ya biti ifike 40, na achukue ruta ya spidi ya kurekebisha. Ila huyo kwa uzoefu wangu baada ya muda ananunua spindo, na ile meza ya ruta inageuka kuwa meza ya kupakia gundi.

Kuhusu magurudumu, maana najua litaulizwa: weka, ila yote manne yawe na breki, na yawe ya mpira mgumu. Sakafu zetu nyingi za uani ni zege la kulainisha kwa mkono, halijalala sawa, gurudumu moja likiwa hewani meza inacheza na hata kipimo cha risiti kitakudanganya. Weka kabari ya mbao chini ya hilo linaloelea kabla hujawasha.